Ratiba Isiyo na Dini Haipo

Imani iliyoenea miongoni mwa waendeshaji wa vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, kwamba kwa kuwa dola haina dini basi chuo nacho hutenda haki kikifumbia macho dini ya mwanafunzi na ya mtumishi, ni imani potofu iliyovishwa joho la usawa. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 huweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini ibara hiyohiyo humhakikishia kila mtu uhuru wa imani.

Wala chuo hakiwezi kuifumbia macho dini kikweli, maana ratiba yenyewe ina dini. Majina ya siku katika Kiswahili huhesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu, na ndiyo maana Jumamosi ni siku ya mosi. Ilhali mapumziko ya Jumapili, yaliyoletwa na wamisionari na serikali za kikoloni, yamezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeyaona kuwa ya kidini. Wakristo wengi hawaombi ruhusa ya kwenda kanisani, maana kalenda ilikwisha kuwaombea. Msabato, ambaye Sabato yake huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha linapozama Jumamosi, hulazimika kuandika barua kila mtihani unapoangukia siku hiyo, na kungoja hisani ya atakayeipokea.

Ramadhani huuweka wazi zaidi uzito wa ratiba hiyo kwa asiyefikiriwa nayo. Mtihani wa saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni humkuta aliyefunga tangu alfajiri akiandika midomo imemkauka, na akitoka ukumbini adhana ya magharibi i karibu, naye bado hajui futari, yaani mlo wa kufungulia, ataipata wapi. Huenda hata msimamizi amefunga, lakini hafumbui mdomo kwa kuogopa kuambiwa analeta udini, neno ambalo maana yake ni upendeleo wa kidini, na ambalo sasa humnyamazisha hata anayeomba saa ya kusali tu.

Hofu kwamba kuitambua dini kutawagawa wanachuo haina mashiko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina msikiti na kanisa katika eneo lake, na Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda vilevile, wala madarasa hayajagawanyika kwa sababu hiyo. Kinachohitajika si jengo jingine, bali swali moja la hiari katika fomu ya usajili, kuhusu siku na saa za ibada, lisomwe kabla ofisi ya mitihani haijapanga tarehe.