Nyongeza ni Njema, Lakini Haki ya Fakiri Haingoji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina uhusiano na Walutheri wa eneo la Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Uhusiano huo unaitwa Bega kwa Bega, na kwa njia yake watoto wengi wamelipiwa karo za sekondari na vijiji vimefikishiwa maji.

Makanisa ya Marekani yana desturi moja katika kuchangia vita dhidi ya umaskini. Mwenye uwezo huahidi kwamba kwa kila dola watakayotoa waumini, naye atatia dola ya pili. Ahadi hiyo humwamsha aliyelala, kwani kila mmoja huona kuwa kidogo chake kitazaa maradufu.

Jambo hili si geni kwetu. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Ansari mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume alimuuliza nyumbani kwake mna nini. Palikuwa na kitambaa na bakuli tu. Vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ikanunua chakula cha ahali zake, ya pili ikanunua shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma kukata kuni. Baada ya siku 15 mtu yule alirejea na dirhamu kumi. Wapo wanazuoni waliosema juu ya udhaifu wa isnadi yake, ila maana yake inaungwa mkono na hadithi sahihi zinazohimiza kazi ya mkono. Masikini alianza na alichonacho, na mpini ukawa nyongeza.

Sisi je? Mara ngapi tumekaa miaka tukimngoja mfadhili kutoka Ghuba aje kutuchimbia kisima, ilhali hatujachanga hata gharama ya kamba na ndoo?

Hata hivyo, pana hatari. Katika kijiji kimoja mkoani Mbeya niliona kisima kilichochangiwa na kila kaya. Mjane mmoja hakuwa na cha kutoa, akaambiwa ateke maji baada ya wote waliochanga kumaliza. Nilimkuta ameketi na ndoo yake, jua limeshapanda. Nani alimpa mtu idhini ya kumpanga mjane nyuma ya foleni ya maji?

Hapa ndipo sheria yetu inapotofautisha. Sadaka na wakfu ni hiari, na mtoaji anaweza kusema: changeni, nami nitaongeza. Zaka si hiari. Qur'ani katika Suratul Maarij imeitaja kuwa ni haki maalumu ya mwenye kuomba na mwenye kunyimwa, na Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wanaoistahiki. Haifai kumwambia fakiri alete kwanza shilingi yake ndipo apewe haki yake.

Basi wakulima wa mpunga wa Usangu, na wa mahindi huko Iringa, mavuno yakifikia kiwango, toeni sehemu ya kumi kwa yaliyonyweshwa na mvua, na nusu yake kwa yaliyomwagiliwa kwa gharama. Wapeni mafakiri na masikini wa kijiji chenu mikononi mwao. Kisima, bweni na karo zichangiwe kwa sadaka na wakfu: wenye maduka mijini waahidi nyongeza, vijijini waanze, na hesabu isomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa. Na yule asiye na kitu ateke maji sawa na wengine.

Mwenyezi Mungu ameifananisha sadaka na punje inayotoa mashuke saba, kila shuke punje mia. Hakuna mfadhili duniani aongezaye kiasi hicho. Lakini punje lazima ipandwe kwanza.

Wabillahi tawfiq.