Kanyanga kulala ndani ya chungu hakuondoi sumu

Kando ya ziwa Kivu, kutoka Sake kupitia Kirotshe na Shasha mpaka Bweremana na Minova, kuna neno la kumtuliza mnunuzi wa kanyanga: "Hii imelala ndani ya chungu." Maana yake ni kwamba pombe ilikaa wiki au miezi ndani ya udongo, ukali wake ukapungua na sumu ikatoka. Nusu ya neno hilo ni kweli. Nusu ya pili inaweza kupofusha mtu.

Ukweli ni kwamba chungu kina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Hewa huingia kidogo kidogo, harufu ya moshi hupungua, na kinywaji hakikwaruzi koo sana. Jambo hilo halikuanzia Masisi. Huko Peru, pombe iitwayo pisco ilihifadhiwa zamani ndani ya mitungi ya udongo, na Wachina mpaka leo hulaza pombe yao kali, baijiu, ndani ya vyombo vya udongo kwa miaka.

Lakini ladha ni kitu kimoja na sumu ni kitu kingine. Sumu inayoogopwa ni metanoli. Hiyo haitulii chini kama tope, wala udongo hauinyonyi na kuacha pombe safi. Imechanganyika na maji na pombe kama sukari ndani ya chai. Metanoli ikiwa ndani ya chungu leo, itakuwa ndani hata baada ya Noeli. Tena haina harufu wala ladha ya kuitambulisha. Hata kuwasha kanyanga kwa kiberiti na kutazama rangi ya moto si kipimo.

Je, metanoli inatoka wapi? Ndizi na matunda mengine yakichacha hutoa kiasi kidogo tu. Maafa makubwa hutokea mara nyingi pale mtu anapoongeza kemikali ya viwandani ili pombe iwe nyingi na kali. Mwaka 2010, kule Kabale nchini Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye metanoli. Mei 2014 ikawa zamu ya Kenya: makumi wengine walikufa, na waliopona baadhi yao wakapoteza macho. Hakuna chungu ambacho kingewaokoa watu hao.

Basi wako wanaosema: vyungu vyote vivunjwe, na akina mama wanaopika wafukuzwe. Historia inasema dawa hiyo haiponyi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Kenya iliharamisha chang'aa mwaka 1980, halafu mwaka 2010 ikaondoa sheria hiyo. Miaka yote hiyo watu walipika, lakini gizani, mahali ambapo hakuna wa kuuliza kilichotiwa ndani. Na hata ruhusa ya 2010 haikuzuia vifo vya 2014. Karatasi ya sheria peke yake haichunguzi bidoni.

Na mama anayepika kanyanga hapa hafanyi mchezo. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi tangu mwaka 2001 na kumaliza mashamba mengi. Vita vikawatoa watu kwenye mashamba yaliyobaki. Mama mhami asiye na shamba anatafuta pesa ya bugali, ya nyumba ya kupanga na ya shule ya watoto. Kumvunjia chungu bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumwongezea njaa.

Lakini njaa haitoi ruhusa ya kudanganya mnunuzi. Anayepika anaweza kufanya mambo manne bila kungoja serikali. Asitie kamwe kemikali yoyote. Amwage pombe ya kwanza inayotoka kwenye tiyo, kwa sababu metanoli huchemka kwenye digrii 65 hivi na pombe ya kawaida kwenye 78. Hilo linaweza kupunguza hatari kidogo tu, haliimalizi. Aachane na mapipa na bidoni zilizobeba dawa za mashamba au mafuta. Na akilaza pombe ndani ya chungu, aseme ni kwa ajili ya ladha, asiseme ni dawa ya sumu.

Mnywaji naye ana lake. Baba anayeuza unga wa msaada ili anunue kanyanga amekunywa chakula cha watoto wake, iwe imelala ndani ya chungu au haijalala.

Ndugu msikilizaji, shika hili na umwambie jirani. Mtu aliyekunywa jana, na leo anaona ukungu mbele ya macho, tumbo linauma, anatapika au anapumua kwa haraka, si wa kuachwa "alale, itaisha". Metanoli mara nyingi huonyesha nguvu yake baada ya saa 12 mpaka 24. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, na anayempeleka aseme bila haya alichokunywa. Aibu ya kusema inapita. Macho yakienda, hayarudi.