Bunduki mpakani Turkana: kabla ya kulalamika, jua wa kumwandikia

Ukiishi Kakuma au Kalobeyei, huenda umesikia maneno haya mawili. Mfugaji anauliza: "Serikali ikichukua bunduki zetu, nani atalinda mifugo yetu wavamizi wakija?" Mkimbizi naye anauliza: "Mbona kuna bunduki karibu nasi, na sisi tulikimbia bunduki?" Maswali yote mawili ni ya haki. Tatizo ni kwamba mara nyingi yanaishia pale pale yalipoulizwa, kwenye mkutano wa chifu au chini ya mti, bila kumfikia mtu mwenye uwezo wa kubadilisha sheria.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kinachompa mtu haki ya kumiliki bunduki. Hapa Kenya bunduki ni kibali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila anayemiliki silaha awe na leseni. Kwa bunduki za kivita kama AK-47, mtu akikutwa nayo bila ruhusa anaweza kufungwa maisha. Adhabu hiyo haimbagui mwenyeji na mkimbizi.

Kundi la pili ni polisi wa akiba, wanaojulikana kama NPR. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ni raia wanaojitolea kusaidia polisi katika maeneo yao. Bunduki wanazopewa ni mali ya serikali, na serikali inaweza kuzichukua wakati wowote.

Hilo limetokea. Mwaka 2019 serikali iliagiza polisi wa akiba katika kaunti kadhaa za kaskazini warudishe bunduki ili wachujwe upya. Wafugaji wengi walilalamika kwamba wameachwa wazi huku majirani zao ng'ambo ya mpaka wakiwa bado na silaha. Baadaye baadhi ya polisi wa akiba walirudishwa kazini. Februari 2023 serikali ilitangaza operesheni ya usalama katika kaunti sita, Turkana ikiwa mojawapo, na kuwapa wenye silaha haramu siku tatu tu za kuzisalimisha.

Tunajifunza nini hapo? Kila mara swali la kwanza limekuwa ni nani aondolewe bunduki. Swali la pili, yaani nani atalinda watu kesho yake asubuhi, limejibiwa kwa kuchelewa. Mwananchi anayetaka jibu hilo alipeleke kwa wanaotunga sheria na kupitisha bajeti ya usalama.

Umwandikie nani?

Hapa wengi hukosea njia. Chifu ni mtumishi wa serikali, hakuchaguliwa, na hatungi sheria. Mwakilishi wa wadi (MCA) amechaguliwa, lakini polisi na usalama ni kazi ya serikali ya kitaifa. Bunge la Kaunti haliwezi kurekebisha Sheria ya Silaha. Usimwache MCA kabisa, hata hivyo: maji, malisho na masoko ya mifugo yako karibu naye, na uvamizi mwingi huanzia hapo.

Kuhusu silaha na polisi wa akiba, mwandikie mbunge wako, Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, au seneta. Barua ya kawaida inatosha kuanza. Taja kijiji chako, eleza kilichotokea na tarehe yake, kisha omba jambo moja linaloeleweka. "Tunaomba usalama" ni maneno mazuri lakini mbunge hana la kufanya nayo. "Tunaomba uulize Bungeni ni lini polisi wa akiba wa eneo letu watapewa mafunzo" ni ombi linalohitaji jibu.

Mkishindwa hapo, ipo ardhilhali, yaani ombi rasmi kwa Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo, hata ya kuomba sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Ardhilhali inaweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima na bila kufutafuta. Eleza mmeshajaribu wapi na mlijibiwa nini, na kama kesi iko mahakamani. Asiyejua kuandika huweka alama ya kidole. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge au huwasilishwa na mbunge kwa niaba yenu, kisha kamati hupewa muda maalum wa kuishughulikia.

Tahadhari moja: ardhilhali husomwa hadharani. Usitaje jina la jirani unayemshuku kuwa na bunduki. Hilo ni la polisi, na ukiliweka kwenye karatasi ya wote unaweza kuhatarisha maisha yake na yako.

Na mkimbizi je?

Mkimbizi hapigi kura, na siasa za vyama si zake. Lakini Katiba imesema "kila mtu", haikusema "kila mpiga kura". Kifungu cha 37 nacho kinampa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kabla ya kutia saini, zungumza na ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe ili ujue kitambulisho gani kitahitajika.

Ushauri wetu kwa pande zote mbili ni kuandika pamoja inapowezekana. Mbunge akipata barua ya wafugaji peke yao, ataona ombi la bunduki zaidi. Akipata ya wakimbizi peke yao, ataona ombi la bunduki chache, tena kutoka kwa watu wasiompigia kura. Barua yenye sahihi za wazee wa kijiji na viongozi wa mitaa ya kambi, inayoomba doria kwenye barabara moja ambayo wote mnaitumia, ni ngumu kuiweka pembeni.

Wekeni nakala, na muandike tarehe mliyoipeleka. Msipojibiwa, nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha Bunge kwamba mliuliza mapema.