Sista wa jamaa aliyeenda Ulaya: tumtafute kwa jina gani?



Jumamosi iliyopita, baada ya likelemba, mama mmoja wa kikundi alinivuta pembeni. Nyanya yake anakaribia miaka 90. Kila siku anauliza neno moja: mdogo wake aliyeingia utawa kabla ya uhuru, akatumwa Ubelgiji, yu hai ama alishakufa? Barua yake ya mwisho ilifika kabla ya vita vya 1996. Kama alikufa, nyanya anataka kumlilia. Kwetu mtu halii matanga ya yule asiyejua kama amekufa, na moyo wa nyanya umebaki hapo katikati.

Jamaa ilishaandika barua mbili, bila jibu. Nikaomba nione nakala. Juu ya bahasha waliandika tu "kwa Masista, Bruxelles", na ndani jina la utotoni la yule sista. Nani Ulaya angelijua?

Tuhesabu majina. Msichana wa wakati ule alizaliwa na jina la kwao. Kwa ubatizo akapata jina la mtakatifu. Alipovaa nguo ya utawa, katika mashirika mengi, alipewa jina lingine tena, na kwa hilo waliandika kila kitu juu yake. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika 1965, masista wengi walirudilia jina la ubatizo. Mtu mmoja, majina matatu ama manne, na nyanya anakumbuka lile moja ambalo haliko katika kitabu chochote cha Ulaya.

Na sisi tuliobaki tulibadilika pia. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Joseph na Albert wakachukua majina ya wakale. Albertville ikawa Kalemie, Baudouinville ikawa Moba, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Inchi yenyewe ikaitwa Zaire tangu 1971 hadi 1997. Sista akimwandikia kaka yake Joseph wa Albertville, barua itafika kwa nani? Tunasema alitusahau. Pengine yeye naye analia kwamba tulimsahau.

Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudani aliibwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, mwishoni akawa sista kule Italia, na akafia Schio mwaka 1947. Jina alilopewa na wazazi lilimpotea kabisa. Bakhita aliitwa na wale waliomwiba. Sista wetu hakuibwa, alienda kwa mapenzi yake. Lakini jina likipotea, njia ya kurudi nyumbani inafungika namna ileile.

Basi muanze kwa nyanya, si kwa posta. Chukueni kaye ya mtoto, muandike jina la baba na mama yake, kijiji, misioni alikobatizwa, na mwaka aliondoka. Nyanya akisahau mwaka, muulize nani alizaliwa wakati ule, ama nani aliolewa. Wazee hawashiki tarehe, wanashika watu. Tafuteni na picha, mugeuze nyuma. Herufi zinazofuata jina la sista ni za shirika lake: SMNDA, kwa mfano, ni Masista Weupe wa Kardinali Lavigerie, shirika lililoanzishwa mwaka 1869, na nyumba yao kubwa iko Roma.

Kisha muende parokiani, kwenye kitabu cha ubatizo. Usome pembeni ya ukurasa pia, maana sheria ya Kanisa ya 1983 inaagiza nadhiri za daima ziandikwe pale, karibu na ubatizo. Kwa masista wa zamani pengine pembeni ni peupe, lakini ukurasa unabaki na wazazi na tarehe. Misioni iliporwa wakati wa vita? Musirudi nyumbani bado. Sheria ya 1917 ilimwagiza padri kutuma kila mwaka nakala ya vitabu kwa askofu. Muulize pale askofuni.

Barua muiandike kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, kwa nyumba kubwa ya shirika. Muweke majina yote, na nakala ya picha. Ile ya kweli ibaki nyumbani. Muulize mambo matatu tu: yu hai? Kama alikufa, lini na kaburi liko wapi? Kuna sista anayemkumbuka? Na ninawaomba sana, musiombe pesa wala viza katika barua hiyo. Sista aliahidi ufukara, hana kitu chake. Atakayesoma ataona mnatafuta mfuko, si ndugu. Pia mukatae yule kijana mwenye simu anayesema atamtafuta kwa dola 50.

Sista hana mtoto wa kumrithisha jina. Ni wajukuu wa ndugu zake watakaolibeba, na katika jamaa ile kuna mimba ya miezi saba.

Picha waliipata, ndani ya Biblia ya marehemu mjomba, na nyuma yake mna herufi nne. Jumapili tuliandika barua. Nyanya aliomba jambo moja tu: juu kabisa, mbele ya Kifaransa chote, tuandike lile jina la utotoni, ili kama watamsomea kitandani, ajue ni nani anamwita.