Mimbari na Sheng: Nani Anamsikiliza Nani?

Wapo wanaoshikilia kwamba Sheng, lugha iliyostawi katika mitaa kama Kaloleni, Bahati na Jericho, haifai kupandishwa mimbarini. Hoja hii inasahau historia. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, wanayoitetea, ilikuwa yenyewe tunda la maafikiano baina ya tafsiri za Kiunguja na za Kimvita. Istilahi zake kuu, kama vile injili, malaika na dhambi, zina asili ya Kiarabu na zilizoeleka kwanza miongoni mwa Waislamu wa pwani. Hapana lugha iliyoshuka kutoka mbinguni ikiwa safi.

Hata hivyo, hatuwaungi mkono wahubiri wanaonyunyiza maneno mawili matatu ya Sheng ili vijana wacheke. Huko ni kuitegea hadhira chambo. Mhubiri anayesema "msee", kisha akauita ukosefu wa kazi uvivu, amebadili msamiati tu. Mtazamo wake ni ule ule. Paulo kule Athene aliitazama kwanza madhabahu ya wenyeji, ndipo akafungua kinywa.

Tunadai, basi, kwamba kuifasiri imani ni kusikiliza kabla ya kusema. Kijana wa Jericho naye ni mfasiri, wala si msikilizaji tu. Asipopewa nafasi ya kueleza Injili hiyo ina maana gani maishani mwake, Sheng ya mhubiri itabaki nguo ya kuazima; nayo, walisema wahenga, haisitiri matako.