Saa ya Kompyuta Ipotezapo Majira

Umeme ukatikapo Kigobe, mjini Bujumbura, kisha ukarejea, huenda kompyuta ya nyumbani ikawaka vizuri, lakini kila tovuti ifunguliwapo kivinjari kikaonya kwamba mawasiliano si salama. Baba hulaumu intaneti, mama huwashuku watoto, na fundi huitwa kwa fedha. Kumbe huenda mkosaji ni saa ya kompyuta yenyewe.

Tovuti salama hubeba cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya volti 3, mfano wa sarafu, itunzayo saa umeme usipokuwapo. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Hapo kivinjari hufanya kama askari wa lango aonyeshwaye kibali ambacho siku yake haijafika: hukataa.

Basi kwanza mwenye nyumba na atazame tarehe, mwaka na saa, avisahihishe, kisha akifunge kivinjari na kukifungua upya. Kosa likirudi kila umeme ukatikapo, betri ibadilishwe, kompyuta ikiwa imekwisha kuchomolewa.

Lakini tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, hasa katika tovuti ya benki, mtu asithubutu kulipuuza na kuandika neno lake la siri. Pengine mwizi yupo njiani akisikiliza, na mshahara wa mwezi mzima ni chakula cha watoto.