Bodaboda wapimwe kwa breki

Dereva wa bodaboda asipewe leseni kabla hajathibitisha uwanjani, mbele ya mtahini, kwamba anaweza kusimama ghafla na kukwepa hatari bila kuanguka.

Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, mikono na miguu ya dereva hufuata mazoea. Wengi wamezoea breki ya nyuma, wakiogopa ya mbele, ilhali pikipiki inapofungwa breki uzito mwingi huegemea mbele, na breki ya mbele ndiyo huisimamisha hasa. Ya nyuma ikikanyagwa kwa hofu, tairi huserereka.

Tena kuna abiria, ambaye maisha yake yako mikononi mwa mwingine.

Wanaotoa leseni watenge viwanja na wakufunzi kila wilaya, na waanze sasa.